Mwenyekiti wa Kikundi cha Kujisomea

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kifurushi kimefika na treni ya Tabora. Hatimaye! Mimi, Salvatori Lyamba, mwalimu wa Kiswahili hapa Mpanda, ni mwanachuo wa chuo kikuu. Chuo chenyewe sijawahi kukiona. Kiko Dar es Salaam, mimi niko huku, tunaandikiana. Wanakutumia vitabu, unajisomea mwenyewe, unafanya majaribio, siku moja unaamka msomi. Mpango mzuri sana. Kasoro ni hapo pa kujisomea mwenyewe.

Ndani ya kifurushi, kitabu kimoja tu, cha saikolojia ya kujifunza. Sisi wanachuo wa Mpanda tuko watatu. Vingine vitafuata, wameandika. Vitafuata lini, hawakuandika.

Pia kuna salamu za Mama Dorotea, mratibu wetu aliyeko Sumbawanga. Anakumbusha kwa upole wa kutisha kwamba jaribio la kwanza nilianguka. Tarehe 31 anakuja mwenyewe na jaribio la pili. Nikianguka tena, jina langu linafutwa chuoni.

Machibya wa jiografia amesikia. Machibya alisoma Mlimani na haipiti siku bila kutukumbusha. Kaniuliza mbele ya walimu wote kama shahada ya posta nayo inabandikwa stempu. Wamecheka. Mkuu wa shule kacheka. Mimi pia nimecheka, kwa meno tu.

Nikifutwa, nitacheka kwa kitu gani?

Nimemwambia mke wangu Scola asiwe na wasiwasi, safari hii nina mpango. Kauliza kama ndani ya huo mpango kuna kusoma. Sikumjibu. Mtu hujibu maswali ya maana.

Jumatano, 7 Agosti

Kikao cha kwanza cha kikundi, dukani kwa Mwanaiddi, nyuma ya magunia ya chumvi. Duka ni la baba yake. Yeye ndiye anayekaa kaunta tangu alipomaliza kidato cha nne, na ndiye pekee kati yetu aliyefaulu vizuri lile jaribio la kwanza. Wa tatu ni Manyanda, bwana mifugo, kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia Magamba na ng'ombe wao, na yeye bado ananuka maziwa hata akivaa tai.

Nimejichagua kuwa mwenyekiti. Hakuna aliyepinga, maana nilikuwa nimeshaandika.

Mpango: kitabu ni kimoja, sisi watatu. Kila mtu asome sehemu yake, kisha awafundishe wenzake. Nikatoa wembe mfukoni na kukikata kitabu mgongoni, vipande vitatu, safi kabisa. Mwanaiddi kapiga kelele kama nimemchinja mtu. Nimemweleza kwamba elimu haikai kwenye gundi.

Yeye kachukua sura za mwanzo. Manyanda kachukua za katikati, ambazo ni nene. Mimi, kwa kuwa nina kazi za uenyekiti, nimejitwalia sura mbili za mwisho, pamoja na faharasa. Sura zenyewe ni fupi, na moja ina picha ya panya.

Manyanda kauliza kama mwenyekiti hatakosa mambo mengi. Nimemwambia mwenyekiti hupokea taarifa.

Jumamosi, 10 Agosti

Mwanaiddi katufundisha sura yake ya kwanza. Binti anajua! Anazungumza huku anapima sukari na haimwagiki hata punje. Nilitikisa kichwa pale palipostahili. Nikasema "naam" mara nyingi. Nikatoka nimeshiba elimu.

Lakini kabla sijafika mlangoni akaniita. Kataka kujua nimejifunza nini. Nikasema mengi. Akasema basi nimtajie moja. Moja tu, Mwalimu.

Namshukuru Mungu, mteja aliingia kutafuta mafuta ya taa.

Tatizo nimelitambua. Siyo mimi. Ni kwamba maneno ya mdomo hupita na upepo. Yanahitaji kuhifadhiwa. Nina wazo!

Jumatatu, 12 Agosti

Wazo ni kaseti. Mwanaiddi anasoma sura zake kwa Kiingereza, anazifafanua kwa Kiswahili, radio inarekodi. Mimi nasikiliza nikiwa nimejilaza. Elimu inaingia kwa sikio wakati mwili unapumzika. Sijui kwa nini vyuo vikuu havijaligundua hili.

Nimemwambia Mwanaiddi kwamba ni kwa faida ya kikundi kizima. Kaniangalia macho kwanza. Kisha kakubali, kwa sharti kwamba betri nilete mimi. Nimezitoa kwenye tochi ya Scola.

Jumatano, 14 Agosti

Jana nilisikiliza kaseti baada ya chakula cha mchana. Sauti tamu, polepole, kama maji ya mfereji. Nikaamka magharibi. Scola anasema nilikoroma kuanzia kwenye kumbukumbu hadi mwisho wa kusahau.

Hata hivyo kuna kilichobaki! Leo darasani nimewaambia Kidato cha Tatu, bila kuangalia popote, kwamba motisha ni nguvu ya ndani inayomsukuma mtu kutenda, na kwamba sabuni ya mche imeisha, jaribuni kwa Nassib.

Kicheko kilivuka ukuta. Machibya alikuwa darasa la jirani. Kachungulia dirishani kuuliza kama nahitaji msaada.

Mwanaiddi angepaswa kusitisha rekodi wateja wanapoingia. Ni uzembe. Nitamwambia kwa upole.

Ijumaa, 16 Agosti

Balaa! Manyanda anapelekwa Ugalla kuchanja ng'ombe. Homa ya mapafu imeingia huko. Anaondoka kesho na baiskeli yake, na sura zake zote za katikati. Zile nene!

Alikuja nyumbani kuaga. Alikaa kwenye kigoda, hakunywa uji aliopewa. Scola akatupisha. Ndipo aliposema kwamba afadhali aniachie hizo karatasi kabisa, yeye masomo anaacha. Baba yake kule Magamba anamuuliza mtu mwenye ng'ombe na kazi ya serikali anafanyaje mitihani kama mtoto. Na yeye mwenyewe, akisoma peke yake, haoni kama anaelewa. Anabaki na maswali tu. Anaona ubongo wake ni mzito.

Hapa ningeweza kuchukua karatasi. Nilizitaka. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Lakini uso wake, kijana yule! Nikajikuta nasema. Nikamwambia maswali siyo dalili ya uzito, ni dalili kwamba kichwa kimeanza kutembea chenyewe. Kwamba mtu anayesoma chini ya mwalimu hupewa majibu, anayesoma peke yake hupata kitu kikubwa zaidi, hupata swali lake mwenyewe. Kwamba aende na sura zake Ugalla, asome kwenye kambi ya chanjo, aandike kila swali linalomjia, na asimwogope mtu.

Nilisema vizuri mno. Scola alisikiliza kutoka jikoni na hakuosha chungu mpaka nilipomaliza.

Manyanda alisimama wima. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Akanywa uji wote, akaondoka na karatasi.

Nami nimebaki sina sura za katikati. Mdomo wangu ndio adui yangu.

Jumatatu, 19 Agosti

Mpango mpya. Huu ni wa kiwango cha juu.

Nimewapa Kidato cha Tatu zile sura zangu mbili za mwisho. Zoezi la ufupisho! Makundi sita, kila kundi linipe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi. Wao wanapata mazoezi, mimi napata sura. Jaribio la panya nalo walieleze.

Walirudi baadaye, siyo na ufupisho, bali na maswali. Huyu panya aliwekwa kwenye sanduku na nani? Neno hili lina maana gani? Mbona mwandishi hapa anasema hivi na kule anasema vile? Nilijibu la kwanza kwa kukohoa. Kwa mengine nikasema kwa sauti ya ukali: nendeni mkatafute wenyewe! Mwalimu siyo kamusi!

Wakaenda. Kweli wakaenda! Wamejaa kwenye kabati la vitabu la shule, wengine wamekwenda misheni kuazima kamusi ya padri. Msichana mmoja, Mariana, ambaye tangu Januari hajafungua mdomo darasani, alikuwa anagombana na wenzake juu ya panya.

Mkuu wa shule kapita, kaona. Kwenye chai kasema mbele ya wote kwamba Mwalimu Lyamba ameanzisha jambo. Wanafunzi wanajitafutia! Kamtaka Machibya aje ajifunze darasani kwangu. Machibya alikuwa anatafuna kalamu. Alitafuna hadi wino.

Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Jumatano, 21 Agosti

Kurasa sita zimekuja. Zinapingana. Kundi moja linasema panya alijifunza kwa sababu ya chakula. La pili linasema kwa sababu ya kuzungukazunguka. La tatu linasema panya hakujifunza, aliyejifunza ni yule bwana aliyemtazama.

Upi sahihi? Ili kujua ingebidi nisome sura yenyewe.

Nilifikiri kidogo. Kisha nikapigisha kura. Chakula kimeshinda.

Mariana akanyoosha mkono kuuliza kama ukweli unapigiwa kura. Nimemwambia akae.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku mbaya. Sitaki kuandika, lakini naandika.

Nilikwenda dukani na kaseti tupu nyingine. Nikamwambia Mwanaiddi kwamba kwa kuwa Manyanda hayupo, na sura zangu zimepigiwa kura, basi yeye anirekodie zake zilizobaki, ila safari hii afunge duka kidogo, na afupishe, na asiseme kwa haraka.

Aliweka mizani chini. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijaajiriwa kwako."

Akaniambia kwamba alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kuendelea. Baba yake akasema duka litakaa na nani. Akakaa. Miaka yote hii kila mtu anayeingia mlangoni anamwambia nipe kile, nipimie hiki, fanya haraka. Kitabu ndicho kitu pekee ambacho anakifungua kwa sababu ametaka mwenyewe, na akitaka kurudia ukurasa anarudia, na akitaka kubishana nao anabishana. Alirekodi ile kaseti ya kwanza kwa kuwa alidhani nina shida ya macho. Kumbe nimemgeuzia hata kitabu kuwa kaunta. Naja nasimama pale pale wanaposimama wengine, namwambia nipimie.

Akanirudishia kaseti. Akamgeukia mteja.

Nimerudi nyumbani. Nimemwambia Scola kwamba Mwanaiddi ni mtu mkali, hana roho ya ushirika, kusoma kumempa kiburi. Scola kauliza alisema nini hasa. Nikamweleza. Scola akageukia jiko. Alikuwa anatenga ugali. Nikasema sina njaa.

Nilidhani jambo lile lingetoka kichwani nikilala kidogo. Halikutoka. Nipimie, nipimie. Ni kweli kwamba nimesimama pale.

Jumanne, 27 Agosti

Siku zinakimbia kama zimefukuzwa na nyuki. Sina sura za mwanzo, sina za katikati, na za mwisho ninazo lakini nimeziogopa tangu zile kura.

Machibya kapewa kazi ya kusimamia jaribio pamoja na Mama Dorotea, maana linafanyika shuleni kwetu. Kaja kunipa habari hiyo mwenyewe. Alitabasamu hadi kwenye masikio.

Jumatano, 28 Agosti

Mchana nilikuwa nje nashona kiatu. Nikaona baiskeli inakuja inayumba, juu yake mtu mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kandambili. Tairi la nyuma limeshindiliwa majani. Manyanda! Kutoka Ugalla!

Nilidhani kuna msiba. Scola akaleta maji. Akanywa, akanawa uso, ndipo akafungua mfuko wa nailoni uliofungwa na kamba juu ya keria. Ndani, sura za katikati. Safi, hata kona hazijakunjika.

Akasema amemaliza kuzisoma. Amezisoma mara ya pili pia. Lakini usingizi ulikuwa haumjii vizuri kule kambini kwa kufikiri kwamba mwenyekiti amempa karatasi zote, na yeye mwenyewe amebaki hana cha kusoma, na jaribio linakuja. Akaomba ruhusa ya siku moja. Kesho alfajiri anarudi, maana kuna mazizi bado, na Jumamosi atajitahidi kufika.

Nikamwambia angeweza kumpa mtu wa lori. Akasema lori linaweza kupoteza.

Nilitaka kumwambia ukweli. Kwamba sikumwachia karatasi kwa wema, mdomo ndio ulioniponyoka. Nilifungua kinywa. Akaniwahi. Akasema yale maneno niliyomwambia siku ile, kuhusu swali la mtu mwenyewe, ameyaandika kwenye ubao wa kitanda chake cha kambini kwa mkaa.

Nilifunga kinywa.

Alilala kwetu. Scola kamchinjia jogoo. Yule jogoo wangu, lakini sikusema neno.

Alhamisi, 29 Agosti

Ajabu imetokea. Naiandika kama ilivyo.

Leo sina vipindi mchana. Nilichukua sura za Manyanda, nikaenda nazo shambani kwetu, nia yangu ikiwa ni kutafuta vichwa vya habari tu na kuvikariri. Nikakuta kaingiza vipande vya karatasi kati ya kurasa. Ni maswali yake. Nikafurahi. Vifupi! Nitasoma hivi, niache vile virefu.

Cha kwanza kiliandikwa hivi: "Hapa wanasema mtoto hujifunza kwa kuiga. Baba yangu huongoza ng'ombe kwa mluzi. Mimi sijui kupiga mluzi mpaka leo, lakini ng'ombe wananifuata. Sasa mimi niliiga nini?"

Nikasoma tena. Kweli, aliiga nini? Nikafungua ukurasa wenyewe kuona kama kitabu kinajibu. Hakikujibu, kilikwepa. Nikasoma ukurasa wa mbele nikikifukuza. Kikakwepa tena! Nikakasirika. Nikarudi nyuma kuona kilikoanzia.

Na hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Karema.

Kanisani misheni alikuwa ananiketisha mapajani, kitabu cha nyimbo mkononi, kidole chake kinatembea chini ya maneno tunayoimba. Watu wote walisema bibi ndiye aliyenifundisha kusoma, hata mimi nasema hivyo. Lakini bibi hakujua kusoma! Nyimbo alizijua kwa kichwa. Kidole kilikuwa cha heshima tu, kinatembea kwa kukisia, mara kinatangulia, mara kinabaki. Na siku moja, nikiwa mdogo mno, niliona. Tunaimba neno moja, kidole kiko kwenye lingine. Nikakishika kidole chake nikakisogeza mahali pake. Bibi akanitazama. Hakunikemea. Kuanzia Jumapili ile alikuwa ananiachia mkono, nikisogeze mimi.

Kwa hiyo sikuiga kidole. Nilijua kusoma pale nilipoona kidole kimekosea. Hakuna aliyenifundisha. Lakini bila kidole kile, bila yale mapaja, nisingetazama kabisa.

Nilikaa hapo kwenye tuta. Nikasoma sura yote, halafu inayofuata. Nikaandika pembeni. Nikabishana na mwandishi kwa sauti hadi mwanamke wa shamba la jirani akasimamisha jembe. Sikuhisi jua. Scola alikuja kunitafuta akidhani nimeanguka. Nikamsomea. Akabisha! Akasema binti yetu Cecilia alijifunza kufunga kamba ya kiatu kwa kunitazama mimi na wala sikukosea. Tukabishana njia nzima hadi nyumbani. Maharage yalikuwa yameungua. Tukayala hivyo hivyo tukibishana.

Sijui ni lini nimekuwa na siku kama hii.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimekwenda dukani. Nimesimama upande wa pili, sikugusa kaunta. Nimemwambia Mwanaiddi kwamba nimekuja na swali. Akasema kaseti hana. Nikamwambia siyo hilo. Nikamuuliza la Manyanda, lile la mluzi.

Akaacha kupima mchele. Akasema mbona hata yeye kupima hakufundishwa, baba yake alimwachia mizani akaenda msikitini. Akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia ya bibi. Akakaa juu ya gunia. Tukasemezana hadi wateja wakaanza kujipimia wenyewe.

Nilipoaga kasema hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza ambalo jibu lake sikulitaka limefungwa kwenye karatasi. Nikamwomba radhi. Kasema yamekwisha, Mwalimu, kesho uvae vizuri.

Nimerudi na moyo mwepesi. Kwa usalama tu, nimeandika vichwa vya habari vya sura za mwisho, na viwili nilivyovikumbuka vya kwenye kaseti, kwenye kiganja. Kwa kalamu ndogo. Tahadhari siyo dhambi.

Jumamosi, 31 Agosti

Jaribio.

Mama Dorotea alishuka kwenye Land Rover ya wilaya, mfupi, miwani, mkoba mkubwa kuliko yeye. Machibya alikuwa amevaa suti. Niliwahi mbele kumpokea mgeni, mimi kama mwenyekiti. Nikamshika mkono kwa nguvu na kwa muda mrefu, kuonyesha heshima. Kulikuwa na joto.

Alipouvuta mkono wake, aliutazama. Nami nikautazama. Kwenye kiganja chake, kinyumenyume lakini wazi, palikuwa na motisha, panya, na nusu ya kumbukumbu.

Ardhi ya Mpanda haikupasuka. Niliisubiri.

Machibya alikuwa anasogea. Mama Dorotea akakunja kiganja taratibu, kama mtu anayeficha peremende. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nenda ukanawe. Na mimi nakuja kunawa."

Tukanawa kwenye pipa moja. Wakati tunakung'uta maji akaniuliza kama nimesoma. Nikasema nimesoma sehemu. Akauliza ipi. Nikasema ya katikati. Akasema basi nenda ukaandike hiyo ya katikati, na ile usiyojua uiache wazi, mimi sifukuzi mtu kwa karatasi nyeupe, namfukuza kwa mikono yenye wino. Mikono yangu ilikuwa myeupe wakati huo, kwa sabuni na kwa hofu.

Manyanda aliingia karatasi zikigawiwa. Vumbi lile lile. Mwanaiddi akampa kalamu.

Swali la mwisho lilitaka tueleze, kwa mfano kutoka maisha yetu, jinsi mtu anavyoweza kujifunza bila kufundishwa. Nilisoma mara mbili. Kisha niliandika. Kiingereza changu kilichechemea njia nzima lakini kilifika Karema. Niliandika hadi Machibya akaninyang'anya karatasi.

Maswali ya panya niliyaacha meupe. Sikupigia kura.

Jumamosi, 12 Oktoba

Majibu! Tumefaulu wote watatu!

Mwanaiddi anaongoza mkoa mzima. Baba yake kafunga duka kwa mara ya kwanza tangu lifunguliwe, kagawa kashata mtaani, na mwakani anamtafutia mtu wa kukaa kaunta. Manyanda kafaulu vizuri, kaja na maziwa ya mgando, na baba yake wa Magamba kapanda baiskeli nyuma kuja kuwaona hao wanachuo. Mzee alinisalimia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, saa kumi jioni kwa furaha. Mimi nimepita, kwa shida, kama ngamia wa kwenye tundu la sindano. Pembeni ya swali la mwisho Mama Dorotea kaandika: "Hili umelisoma mwenyewe. Inaonekana." Nimemsomea Scola mara kadhaa. Machibya nimemsomea mara moja tu, kwa sauti.

Na kuna heshima kubwa zaidi. Mwezi ujao wanachuo wapya wa wilaya watakutana hapa Mpanda, wengine watatoka Karema, na Mama Dorotea ameniomba mimi niwahutubie! Mada: namna ya kujisomea bila kumtegemea mtu.

Nimekaa kutafakari somo kubwa la miezi hii. Nimeliona. Kosa langu lilikuwa ni kukigawa kitabu vipande vitatu. Vingekuwa sita, mimi ningebaki na faharasa peke yake.

Hotuba nimeshaipanga. Mwanaiddi ataandika utangulizi, ana lugha nzuri. Manyanda ataandika mifano. Hitimisho nitawapa Kidato cha Tatu kama zoezi. Bado sijawaambia. Nimemwambia Scola tu, na yeye kauliza kama angalau nitaisoma kabla ya kusimama mbele ya watu.

Nimemwambia hapana. Nataka na mimi niisikie kwa mara ya kwanza.